Nilikudanganya Kuhusu Majani ya Mwembe na Kutu

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Nina deni, na nataka kulilipa hadharani kwa sababu nilikopa hadharani.

Wengi wenu mlianza kunifuata kwa ile video ya misumari miwili. Mnaikumbuka. Glasi mbili za siki, msumari mpya ndani ya kila moja. Glasi ya kwanza ni siki tupu. Ya pili ni siki iliyochanganywa na maji ya majani ya mwembe, niliyoyachemsha kwa sufuria ya mamangu bila ruhusa. Siku ya tatu nikatoa misumari. Ule wa siki tupu umeliwa, umepoteza sura. Ule wa majani uko karibu vile nilivyounua dukani. Nikaweka muziki, nikaandika kwa herufi kubwa: "Paka majani, sahau kutu." Ikasambaa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti.

Watu wa Mombasa ndio waliipenda zaidi, na sababu inaeleweka. Huku kwetu chumvi iko hewani. Unaweka geti jipya, mwaka ukiisha linaonekana kama limefukuliwa. Mabati, baiskeli, bawaba za mlango, zipu ya begi, vyote vinaliwa. Mtu akikuambia dawa ni majani yaliyoanguka uani kwako, bure kabisa, utamkatalia vipi?

Mjomba wangu hakukataa. Yeye ni fundi wa kuchomelea, upande wa Likoni. Aliamini kwa sababu aliyesema ni mtoto wa dadake, na mtoto huyo aliwahi kwenda chuo kikuu. (Kwamba nilikiacha katikati, sehemu hiyo mjomba huiruka akinisifu kwa marafiki zake.) Alikuwa anatengeneza stendi ya tangi la lita elfu moja kwa mteja anayekaa karibu na ufuo. Badala ya kununua ile praima nyekundu, akachemsha majani ya mwembe, akapaka miguu yote minne mara tatu, akangoja ikauke, kisha akapitisha rangi ya juu. Ikapendeza sana.

Masika moja tu ikapita. Rangi ikaanza kutoa malengelenge, na ukiyabonyeza yanamwaga unga wa kahawia. Hali mbaya zaidi ilikuwa chini, pale mguu unapoingia kwenye simiti na maji yanatuama.

Sasa piga hesabu. Lita elfu moja za maji ni tani moja. Chini ya ile stendi ndipo watoto wa mteja huchezea, kwa sababu ndipo penye kivuli. Haikuwa imefika mahali pa kuanguka, lakini mjomba hakutaka kungoja ifike. Aliibomoa akatengeneza nyingine kwa pesa zake. Aliponipigia simu nilimwamkia nikijua kabisa naenda kutukanwa. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, ile kutu haikuona video yako."

Nimelala na hiyo sentensi wiki kadhaa. Na jambo linalonisumbua ni kwamba sikudanganya kwa msumari. Ule msumari ulikuwa wa kweli. Nilidanganya kwa maandishi niliyoweka juu yake.

Siki si bahari

Nilichofanya kwenye glasi kinajulikana miaka mingi. Majani, magome na maganda ya mimea mingi yana molekuli zinazopenda kung'ang'ania uso wa chuma. Fikiria matatu ya abiria kumi na wanne. Zile molekuli zinaingia mapema zinakalia viti. Asidi ikija inakuta gari limejaa. Baadhi inasimama mlangoni inapata kanafasi, lakini nyingi inabaki stejini. Ndiyo maana ukisoma tafiti utakutana na mimea ya kila aina, mwembe ukiwemo, ikipewa alama za asilimia 90 na zaidi.

Lakini soma hadi chini. Nyingi ya hizo alama zilitolewa kwenye asidi, sana sana ile ya hidrokloriki. Hakuna ujanja hapo. Viwanda vina shida hiyo kweli: huosha chuma kwa asidi kuondoa magamba yake, na husukuma asidi ndani ya mabomba na visima, kwa hivyo vinataka kitu cha kuchanganya humo ili asidi isile na chuma chenyewe. Kwa kazi hiyo, maji ya majani yana maana.

Bahari inakula chuma kwa njia nyingine. Kwanza maji yake si asidi, ni ya upande wa pili kidogo. Anayefanya kazi huko ni oksijeni. Chuma kinatoa elektroni, oksijeni na maji vinazipokea, na kinachobaki kinageuka kutu. Chumvi, ambayo ni kama gramu 35 katika kila kilo ya maji ya bahari, inafanya umeme huo mdogo upite kwa urahisi, na kloridi iliyomo inatafuta kila ufa kwenye ngozi ya chuma na kuupanua. Kwa hivyo nilimpa mwanafunzi mtihani wa somo moja, akapita, nikamwandikia cheti cha somo lingine.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo. Kwenye glasi, yale maji ya majani yalikuwa yamezunguka msumari usiku na mchana. Molekuli moja ikishuka kwenye kiti, nyingine iko hapo tayari kupanda. Kwenye stendi ya mjomba hakukuwa na glasi. Kulikuwa na utando mwembamba wa maji ya majani uliokauka, na vitu vingi vilivyomo humo huyeyuka tena vikipata maji. Mvua ya kwanza iliyopenya chini ya rangi iliviosha. Rangi ya juu nayo ikabaki imeshikilia vumbi la majani badala ya kushika chuma. Pengine ingekuwa afadhali asingepaka kitu.

Na kuna kitu nilikikata. Siku ya pili ya jaribio langu, glasi ya majani ya mwembe iligeuka nyeusi, nyeusi ya wino. Niliiona, nikaiondoa kwenye video kwa sababu haikupendeza kwa kamera. Wasee, hapo ndipo penye habari yote, na mimi nikaitupa.

Ile nyeusi niliyoikata

Fanya hivi leo jioni. Pika strungi nzito, chai ya rangi bila maziwa wala sukari. Ikipoa, tumbukiza msumari wenye kutu. Iache hadi asubuhi. Utakuta chai imekuwa nyeusi, na ile kutu nayo imeanza kuwa nyeusi.

Kilichotokea ni kwamba chai ina tanini, ile kitu inayokausha ulimi ukinywa strungi au ukitafuna embe bichi. Tanini ikikutana na chuma kilichokwisha kupata kutu inakishika na kutengeneza kitu kipya, cheusi, kisichoyeyuka kwa urahisi kwenye maji. Si ugunduzi wa jana. Kwa mamia ya miaka watu wa Ulaya waliandika kwa wino uliotengenezwa hivyo hivyo, tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni pamoja na chumvi ya chuma. Wahifadhi wa makumbusho hadi leo hupaka tanini kwenye vyuma vya kale. Na baadhi ya zile chupa za dawa ya kugeuza kutu zinazouzwa kwa mafundi, ukisoma lebo utakuta tanini humo, mara nyingi pamoja na asidi ya fosforiki.

Kwa hivyo glasi yangu nyeusi ilikuwa inaniambia mambo mawili. Moja, chuma kidogo kilikuwa kimeshayeyuka, kinyume na nilivyowaambia. Mbili, mmea unaweza kweli kuifanyia kutu kitu cha maana. Lakini hauizuii ukiwa peke yako ufuoni. Unaituliza ile kutu iliyopo, kisha lazima rangi halisi ije juu yake. Tanini ni hatua ya katikati. Mimi niliiuza kama safari nzima.

Mmea ambao tayari unalinda meli

Sasa kuna wale watakaoniandikia, "Bro, umeanza kuwaunga mkono wazungu, unakatisha tamaa ubunifu wa Mwafrika." Ngoja kwanza, bado sijamaliza.

Chukua korosho. Kati ya matabaka ya ganda lake kuna mafuta meusi mazito. Kama umewahi kuchoma korosho nyumbani Kilifi au Kwale, unayajua, kwa sababu yakikurukia yanakuunguza hadi ngozi inachubuka. Mafuta hayo husafishwa yakatoa kitu kinachoitwa kadanoli, na kadanoli hutumika kutengeneza vigumishi vya rangi ya epoksi. Epoksi huja kwa makopo mawili: moja rangi, la pili kigumishi, kile mafundi huita hadna. Vigumishi vya korosho vinapendwa kwenye kazi za meli kwa sababu vinakauka vizuri hata mahali penye unyevu na baridi, na vinavumilia maji ya chumvi. Kuna meli kubwa huko baharini ambazo matangi yake ya ndani yamelindwa kwa kitu kilichotoka kwenye ganda la korosho.

Hebu rudia hiyo polepole. Takataka ya korosho inalinda chuma dhidi ya bahari, sasa hivi, kibiashara. Kilifi iliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha korosho, kikafungwa. Tunalima korosho, tunatupa au kuchoma ganda, halafu tunanunua kopo la epoksi lililotoka nje.

Au chukua mwati, mti ambao nyanda za juu huuita muthanduku. Gome lake lina tanini tele. Thika na Eldoret palijengwa viwanda vya kuikamua kwa ajili ya watengeneza ngozi, na mashamba ya kule Eldoret watu wa pale bado wanayaita EATEC, jina la kampuni iliyoyamiliki. Huko Njombe, Tanzania, wanapanda miwati tangu miaka ya mwisho ya 1940. Kwa hivyo tanini si kitu cha kuagiza kutoka mwezini. Na chai ndiyo sisemi, sisi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai duniani.

Mkoko nao? Hapo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu najua akili ya mtandao. Gome la mkoko lina tanini nyingi sana. Huko Malaysia, watafiti wa Universiti Sains Malaysia wameifanyia kazi tanini hiyo kama kinga ya chuma. Lakini wao wana msitu wa Matang, unaovunwa kwa mpango tangu mwanzo wa karne iliyopita, na magogo ya makaa huambuliwa gome kabla ya kuingia tanurini. Gome kwao ni taka. Sisi hatuna mpango kama huo, na ukiambua mkoko ulio hai pale Tudor au Mida, umeua mti unaolinda ufuo na kulea samaki, ili geti lako liwe jeusi. Nikiona yeyote ameposti akiambua mikoko na kunitaja jina, tutakosana.

Kwa nini hata tujisumbue

Swali zuri. Mbona tusinunue tu rangi ya kawaida?

Kwa sababu baadhi ya kinga za chuma zilizofanya kazi vizuri zaidi ni sumu. Kromati, ambayo imetumika miaka mingi kwenye praima za ndege, meli na madaraja, ina kromiamu ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Praima za zamani zenye risasi nazo huharibu ubongo wa mtoto. Anayezipumua si mwenye meli. Ni fundi anayepiga msasa rangi ya zamani bila barakoa, kama mjomba wangu.

Na kutu yenyewe si shida ndogo. Ripoti ya NACE, chama cha wataalamu wa kutu, ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba dunia hupoteza dola trilioni 2.5 kwa mwaka, karibu asilimia 3.4 ya uchumi wote wa dunia. Pwani hatuhitaji ripoti. Tunaiona kwa geti.

Kwa hivyo utafiti wa mimea ni muhimu, na nauunga mkono kwa nguvu zote. Ninachopinga ni uvivu wetu, wangu nikiwa wa kwanza, wa kuona neno "asili" na kuzima ubongo. Asili si lazima iwe salama. Muulize aliyerukiwa na mafuta ya korosho. Asili si lazima idumu. Maji ya majani yanachacha kwa siku chache tu. Asili si lazima iwe sawa kila mara. Majani ya masika na ya kiangazi hayana nguvu moja, na hakuna mhandisi anayeweza kusaini daraja kwa "inategemea mwembe wa nani".

Maswali manne kabla hujashea

Ukiona mtu, pamoja na mimi, anakuambia mmea fulani umeshinda kutu, uliza:

1. Ulijaribiwa ndani ya nini? Asidi, maji ya bomba, au maji ya chumvi?
2. Kwa muda gani? Saa chache, siku tatu kama mimi, au misimu miwili ya mvua?
3. Ulikuwa umechanganywa kwenye maji, au umepakwa? Kama umepakwa, ni nini kiliushikilia usioshwe?
4. Ukishindwa, nani anaumia? Msumari wa video au mtoto chini ya tangi?

Hilo la nne ningelijiuliza mimi, mjomba angekuwa na pesa zake leo.

Jaribio ambalo bahari yenyewe itasahihisha

Tulio Pwani tuna kitu ambacho maabara nyingi zinakitamani: bahari ya chumvi, ya joto, mlangoni. Njia ya kupima rangi za baharini si siri. Unatundika vipande vya chuma baharini, unangoja, unaangalia.

Ndicho tumefanya na mjomba. Tumekata vipande tisa kutoka bamba moja la mabaki, vyote saizi sawa, na tukaviacha nje vishike kutu sawa. Vitatu tulivisugua kwa brashi ya waya tukaviacha hivyo. Vitatu tukasugua, tukapaka praima na rangi. Vitatu tukasugua, tukapaka strungi nzito hadi kutu iliyobaki ikawa nyeusi, tukasuuza, tukakausha, kisha praima na rangi ile ile. Kila kimoja tukakipima kwa mizani kwanza, na vile vya rangi tukavichora msalaba kwa msumari hadi chuma kikaonekana, kwa sababu rangi nzima haikuambii kitu. Kinachosema ukweli ni vile kutu inatambaa kutoka kwenye jeraha. Tumevitundika kwenye gati la rafiki yake mvuvi, juu kidogo ya maji kujaa, pale mawimbi yanaporushia maji. Hapo ndipo chuma huliwa vibaya zaidi, kwa sababu kina chumvi, unyevu na hewa kwa pamoja.

Sijui strungi itashinda, itatoka sare au itaharibu ushikaji wa praima. Mjomba anasema itatoka sare. Mimi nimeweka soda moja kwamba itashinda. Nitaposti picha ya vipande vyote tisa kila mwezi, kwa mwaka mzima, pamoja na vile vitakavyoniaibisha, na sitakata rangi yoyote isiyonipendeza.

Ile video ya misumari nimeiacha iko, nimebadilisha maandishi yake. Sasa inasema: "Hii ni siki, si bahari. Usipake stendi ya tangi." Tangu nibadilishe imepoteza watazamaji vibaya sana. Sawa tu. Pesa ya praima ya mjomba nimeshamlipa, na ya vyuma namalizia mwisho wa mwezi.

Kama uko Kilifi, Lamu, Malindi, Kwale, na una fundi mtaani anayekubali kukukatia vipande, tundika vyako. Usinitumie ushuhuda kwamba majani ya nyanyako yanafanya maajabu. Nitumie picha, tarehe, na jina la kilichokuwa ndani ya sufuria.